Makato ya Mwenyekiti

Kwenye kiwanda cha magodoro walimwita Honi, na si kwa kupenda magari. Mashine ya kukatia sponji ikinguruma, safu nzima ya cherehani ikilia, na ile feni kuukuu ya ukutani ikikwaruza kama inayotafuta njia ya kutoka, yeye alitamka neno moja tu kutoka mezani kwake na mlinzi wa getini akaitika. Jina walimpa mabosi, kwa kejeli. Wafanyakazi wakaliokota, wakalifuta vumbi, wakamrudishia kama cheo.

Kazi yake ilikuwa kukata. Bonge la sponji, pana kuliko kitanda cha watu wawili, lililetwa kwake likiwa bado na joto tumboni, naye alilisukuma kwenye kisu kirefu kinachozunguka mpaka likatoka vipande vilivyo sawa kabisa. Jioni alirudi nyumbani na chenga nyeupe kwenye nywele, nyusi na masikio, mtu wa makamo aliyevishwa uzee wa siku moja.

Alikuwa na kumbukumbu iliyowanyima mabosi usingizi. Aliukumbuka mwaka walionyang'anywa mabuti ya mpira, eti yanachafua sakafu. Alimkumbuka kila meneja aliyepita na kila alichoahidi. Zaidi ya yote aliukumbuka moto. Ghala liliungua kwa sababu ya nyaya chakavu, nyaya ambazo wafanyakazi walizilalamikia mpaka wakachoka, na mwisho wa mwezi hasara yote ikagawanywa kwenye mishahara yao. Fundi alikatwa. Mfagiaji alikatwa. Hata mama mmoja aliyekuwa nyumbani na kichanga chake alikatwa, kana kwamba aliinuka kutoka kitanda cha uzazi akaja kuwasha kiberiti. Ndipo Honi alipopanda jukwaa la kupakilia mizigo kwa mara ya kwanza. Kiwanda kikalala, mabosi wakalala macho, na fedha zikarudi.

Katika moto ule walipata sheria zao, za kwao wenyewe, zisizoandikwa popote. Mmoja akikatwa mshahara kwa uonevu, wote wanaweka vifaa chini. Na hakuna kumhoji mwenzako. Hii ya pili aliitunga Honi.

"Ofisi ndiyo inayotudai ushahidi kila siku," aliwaambia. "Ukiumwa, lete cheti. Ukifiwa, lete cheti. Sisi kwa sisi, mtu akisema ameonewa, ameonewa. Tusiwe ofisi!"

Watu walishangilia mpaka mabati yakatikisika. Ilikuwa sheria nzuri. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa kwanza kuilalia kama godoro angekuwa yule aliyeitunga.

Maana Honi naye alikuwa akikatwa. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake iliondoka, tangu mwaka ule aliochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, na kwenye karatasi ya mshahara paliandikwa tu: amri ya mahakama. Mara ya kwanza, Kijiko, yule mpakaji wa gundi aliyepewa jina hilo kwa kutokosekana popote penye chakula, alimchungulia begani.

"Mwenyekiti, mahakama inakutafutia nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Alikuwa ameachana na mkewe, mke akabaki katika mji mwingine na binti yao wa miaka saba. Honi aliahidi kutuma fedha, hakutuma. Akaahidi tena, hakutuma tena. Mwishowe hakimu akaamuru matunzo ya mtoto yakatwe hukohuko kiwandani kabla mshahara haujamgusa mkono. Lakini siku ile alikuwa mwenyekiti mpya, na watu walikuwa wakimtazama.

"Faini," alisema. "Ule mgomo wa kiwanda nilichotoka. Walinishtaki."

Mgomo ulikuwepo kweli, na faini ilikuwepo, ila alikuwa ameimaliza zamani. Kijiko akapiga mluzi. Kufika saa ya chai kiwanda kizima kilikuwa kimejua kwamba mwenyekiti bado analipia kutetea wenzake, tena kimyakimya, wala halalamiki. Wakampenda zaidi. Naye akaliacha hivyo. Mwaka ukaingia mwaka, akawa anavaa chakula cha mwanawe kifuani kama nishani.

Binti alipotimiza miaka kumi na minane, Honi alikwenda ofisi ya mishahara, akisingizia kufuata karatasi yake. Mhasibu alikuwa mama mmoja mwenye miwani isiyokaa puani, aliyejua mshahara wa kila mtu, wala siri ya hata mmoja haikuwahi kumponyoka mdomoni.

"Dada," Honi alisema, akiishusha sauti mpaka ikawa ya mtu mwingine. "Yule mtoto amekua. Ni mtu mzima kisheria. Hayo makato yasimamishe."

"Hongera, kaka. Ila siwezi."

"Huwezi vipi? Umri si umri?"

"Amri imewekwa na hakimu, itaondolewa na hakimu. Haifi yenyewe kwa sababu mtoto amerefuka. Nenda kwenye mahakama ileile uombe ifutwe. Watakuuliza mtoto anaishi wapi, bado anasoma au anajitegemea. Watampelekea taarifa, naye atasema lake. Ukiniletea karatasi yao asubuhi, mchana nimekutoa."

"Anaishi wapi," Honi alirudia.

"Kwani hujui anapoishi?"

"Mama yake alihama."

"Basi mpigie simu, kaka. Simu si ipo?"

Akasema atapiga. Hakupiga. Mahakama iko mbali, alijiambia, ni safari ya basi ya kutwa nzima. Mama wa mtoto naye alishahama mji ule, akahamia kwingine, na huenda akahama tena. Hizo ndizo sababu alizojipa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba angelazimika kusimama mbele ya binti ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa na pengo la meno ya mbele, na kumwambia hakimu: huyu hapa amekua, nitueni mzigo. Mtu aliyewahi kumfokea mkurugenzi mbele ya polisi akashindwa kubonyeza simu.

Mwisho wa mwezi karatasi ikaja na makato yaleyale, na Kijiko, ambaye tabia haikumtoka, akachungulia tena.

"Hee! Mwenyekiti, hii faini sasa si ina wajukuu?"

Watu walicheka, vikombe vya chai mkononi. Kisha Shangazi akaacha kucheka. Huyu alikuwa kiongozi wa washonaji na katibu wa kamati, mwanamke aliyelea watoto watatu kwa cherehani moja, na kiwanda kizima, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi.

"Hebu ngoja," alisema. "Miaka yote hii? Hata mtu angeiba benki angekuwa amemaliza kulipa."

"Wamezoea," Honi alijibu bila kuinua macho kikombeni. "Nilikwenda ofisini. Wanataka karatasi."

"Karatasi!" Shangazi alisimama. Kiwandani pale neno hilo lilikuwa tusi. "Walipotukata kwa ajili ya moto walituonyesha karatasi?"

"Shangazi, tuliache kwanza. Ni jambo langu mwenyewe."

"Lake mwenyewe! Mnamsikia? Ametupigania mpaka koo limekauka, leo likiwa lake anasema tuliache. Sheria uliiweka wewe, mwenyekiti. Kesho mashine haziwashwi."

Nafasi ilikuwa pale, wazi, mezani, kati ya vikombe. Neno moja lingetosha. Honi alikunywa chai yake. Ilikuwa imepoa, akainywa mpaka majani.

Asubuhi mashine hazikuwashwa. Kiwanda cha magodoro kikinyamaza kinanyamaza kweli, kwa sababu sponji inameza hata kikohozi. Wafanyakazi walitoka uani wakajaa mbele ya jukwaa la kupakilia, lori la mteja likiwa limekaa tupu, dereva wake amejilaza kwenye kivuli cha magurudumu. Honi akapandishwa. Alikuwa amepanga kusema machache na kuwaomba warudi kazini. Lakini alipoziona zile nyuso zote zimeinuliwa kwake, kinywa kilimtangulia.

"Wenzangu! Mshahara wa mtu ni jasho la nani?"

"Lake!"

"Nani aliyewapa ruhusa ya kutia mkono mfukoni mwangu?"

"Hakuna!"

"Nimebebeshwa mzigo usio wangu! Nimelipa, nimelipa, nimelipa! Leo nasema sidaiwi na mtu! Silipi tena!"

"Halipi! Halipi!"

Wakaanza kuimba, ule wimbo wao wa wakati wa moto, miguu ikipiga sakafu ya saruji. Honi aliufurahia. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote: kwamba wakati ule, juu ya jukwaa lile, alikuwa akijiamini mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba ameonewa.

Ndipo akamwona. Binti mmoja alikuwa amepita getini na bahasha ya kaki kifuani, sketi ndefu ya buluu, viatu vimefutwa vumbi muda si mrefu, kama mtu anayekwenda kutambulishwa kwa wakubwa. Njia ya ofisi ilipita ubavuni mwa jukwaa. Alifika pale akakuta watu wameiziba, akasimama kusubiri, uzito wote kwenye mguu mmoja, mkono kiunoni, kichwa kimelala kidogo upande. Hivyo ndivyo alivyosimama mama mzazi wa Honi maisha yake yote, kwenye mlango wa jikoni, akisubiri mtu amalize uongo wake. Honi hakuhitaji kuambiwa huyu ni nani.

Shangazi alikuwa hapohapo chini, na Shangazi hakujaliwa kunong'ona.

"Karibu, mwanangu! Kama umekuja kuomba kazi umekosea siku. Leo hatukati wala hatushoni."

"Nimeleta karatasi ofisi ya mishahara, mama. Kwani kuna nini?"

"Tunamtetea mwenyekiti wetu, yule pale juu. Wanamkata faini tangu enzi na enzi, kosa lake kutetea wenzake. Mtu mwema hujapata kuona!"

"Faini," binti alisema.

"Faini! Wewe imba tu, utaelewa mbele ya safari. Halipi! Halipi!"

Binti aliinua macho. Hakuimba. Honi alikuwa na mkono juu, ngumi imefungwa, na wote walikuwa wakingoja auteremshe na neno. Angeweza kuuteremsha bila neno. Angeweza kusema koo limemkauka.

"Silipi!" alisema, na sauti ikafika getini kama kawaida yake.

Watu walipompisha binti akaingia ofisini, muda si muda mhasibu akafungua dirisha.

"Mwenyekiti! Njoo mara moja. Peke yako, tafadhali."

"Haji peke yake!" Shangazi alimjibu kabla Honi hajagusa chini. "Mwenyekiti haingii humo bila katibu, asije akanunuliwa. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe."

Ofisi ya mishahara ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma, kalenda ya mwaka uliopita na viti viwili vya wageni. Binti alikuwa amekaa kimoja. Alipoona watu wazima wanaingia alisimama akawaachia. Hakuna aliyekaa.

Mhasibu alivua miwani. "Mwenyekiti, hili tungeongea bila haraka, mimi na wewe, ingekuwa vizuri."

"Ongea, dada," Shangazi alisema. "Sisi hatufichani."

Mhasibu alimtazama Honi, akimpa nafasi. Honi alitazama viatu vyake. Kwenye kamba palikuwa na chenga za sponji.

"Haya." Mhasibu alichagua maneno kama mtu anayekanyaga sakafu yenye vioo. "Mahakama imeifuta ile amri. Imeombwa na upande wa pili wenyewe. Makato yanakoma mwezi huu."

Shangazi alipiga kigelegele kilichotikisa kabati. "Hata adhuhuri haijafika! Wamelegea wenyewe! Wameomba radhi!"

"Hawakuomba radhi, mama," binti alisema. "Waliomba ifutwe."

"Ni yaleyale, mwanangu. Na wewe ndiye karani wa huko?"

Binti alimgeukia Honi, na wakatazamana kwa karibu. Macho yake hayakuwa na hasira. Hasira Honi angeiweza. Aliwahi kutukanwa na watu wenye magari na walinzi, akawajibu wote. Huyu alikuwa akisubiri tu. Alimpa muda, muda mrefu kuliko alivyostahili, na katika muda ule Honi alilisikia neno likimpanda kooni, neno dogo ambalo Shangazi alikuwa akimtupia mgeni huyu tangu asubuhi bila hata kufikiri. Mwanangu. Lilifika kwenye meno likakaa hapo.

"Hapana, mama," binti alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Basi Mungu akubariki kwa miguu yako!" Shangazi aliliendea dirisha, akatoa kichwa na mabega nje, akaanza kuwatangazia watu wa uani. Kelele zilizopanda zilijaza chumba, na nyuma ya mgongo wake wakabaki watatu, kama watu waliofungiwa.

Binti alitoa karatasi ya pili kwenye bahasha. "Wanataka sahihi yako kwamba umepokea, mzee."

Mzee. Honi alisaini. Kalamu ilikataa kuandika mara ya kwanza, akaikandamiza.

"Mama alisema ningeweza kuituma," binti alisema, sauti ndogo, akiikunja karatasi. "Ila akasema nije mwenyewe nishukuru. Aliniambia ulimwomba bosi wako zikatwe hapahapa, zisije zikakosa hata mwezi mmoja. Shuleni nilikuwa nawaringia wenzangu. Baba zao hawakutuma. Mimi wangu hakusahau."

Honi aliirudisha kalamu mezani. Akainyoosha sambamba na ukingo.

"Haidhuru," binti alisema.

"Una kazi sasa, mama?" mhasibu alimuuliza, ili mtu aseme kitu.

"Ndiyo. Mwezi wa pili huu. Ndiyo maana niliomba zisimame." Akatia karatasi kwenye bahasha, akampa mhasibu mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asante, mama. Kwa kukata."

Akatoka. Shangazi alipoingiza kichwa ndani alikuta mhasibu akifuta miwani kwa upindo wa blauzi.

"Na wewe umefurahi, enh?" Shangazi alimcheka. "Furahi, dada! Twende, mwenyekiti, watu wanakungoja."

Wakamngoja kweli. Alipotokeza mlangoni walimdaka, Kijiko mguu mmoja na mpakiaji mwingine mguu wa pili, wakamweka mabegani. Uani pote walikuwa wakiimba jina lake. Kutoka kule juu aliiona sketi ya buluu ikikaribia geti, haikimbii, haigeuki.

"Nishusheni," alisema.

"Usijishushe, mwenyekiti!" Kijiko alimjibu kutoka chini, akihema kwa furaha. "Leo ni siku yako!"

"Nishusheni, jamani! Yule ni mwanangu!"

Walidhani ni ubeti mpya. Wakaupokea. Yeye alipiga kelele zaidi, nao wakazidi kuimba, wakimpigia makofi kwa kila neno, yule mtu ambaye sauti yake haikuwahi kumezwa na mashine yoyote. Sketi ya buluu ilipita kwa mlinzi, ikatoka. Ni Shangazi tu aliyesikia. Alisimama wima katikati ya watu wanaocheza, akainua mkono. Wimbo ukafa kidogokidogo, safu ya mbele, kisha ya kati, mpaka akabaki Kijiko peke yake akiimba, naye akanyamaza kwa aibu.

"Umesema nini?" Shangazi aliuliza.

Safari hii Honi alilazimika kusema watu wote wakiwa kimya, akiwa bado amekaa mabegani mwao.

"Yule binti ni mwanangu. Haikuwa faini. Yalikuwa matunzo yake. Tangu mwanzo."

"Mwenyekiti bwana, kwa utani!" Kijiko alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Honi aliliona bega la Kijiko likiishiwa nguvu chini ya paja lake, kisha wakamshusha. Hawakumtupa. Walimshusha polepole, kama watu wanaoshusha mzigo waliogundua njiani kwamba si wao.

Na hawakumhoji. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, wala ilikuwaje. Angewashukuru kama wangemtukana. Waliingia ndani wawiliwawili, wakijikung'uta, na cherehani zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Wote walijua nusu siku ile haitalipwa. Kijiko ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia.

"Nusu siku yangu, mwenyekiti," alisema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Sikudai. Nakuambia tu."

Honi alikwenda kwenye mashine yake. Bonge la sponji lilikuwa limekaa pale tangu jana, limeshapoa. Akaliweka sawa, akaukuta mkono wake umeshikilia swichi na hauibonyezi. Shangazi alikuja na mzigo wa vitambaa vya foronya za magodoro begani, akautua juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo hapakuwa pake.

"Nina watoto watatu," alisema. "Unawajua. Baba yao hakuna ofisi iliyompata. Angekuwa na mshahara nami nimjue alipo, ningetembea kwa magoti mpaka kwa hakimu aniwekee hiyo amri. Leo nimetoka nje, nimeimba mpaka nimekwaruza koo, kumtolea mtoto wa mtu chakula mdomoni. Tena nikamwambia na yeye aimbe. Nikamwambia, imba tu, utaelewa."

"Shangazi..."

"Usiniite. Ngoja nimalize. Nilimuuliza kama ni karani. Wewe ulikuwa umesimama pale. Nilikuwa namuuliza mtoto wako yeye ni nani, na wewe umesimama pale."

"Nilishindwa."

"Ulishindwa." Alikirudisha kitambaa kimoja kilichokuwa kikiteleza. Alipozungumza tena hakuwa akifoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Nilipokuwa dirishani alisema nini?"

"Alisema wamefuta kwa sababu ana kazi."

"Kazi gani?"

Honi alifikiri. Alitafuta kwenye ile kumbukumbu yake kubwa, iliyojaa mameneja na mabuti na moto, tarehe za kila mgomo, kila senti iliyowahi kuibwa kwa mtu yeyote kiwandani pale.

"Sijui," alisema.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Shangazi akaunyosha mkono. Akauondoa wa Honi kwenye swichi, bila ukali, kama anavyoondolewa mtoto karibu na jiko.

"Nenda."

"Ataniambia nini, Shangazi?"

"Atakuambia kazi anayofanya. Au atakutemea mate. Yote mawili ni ya kwako. Nenda, kabla hajapanda gari."

Aliupita ukumbi mzima wa kiwanda. Vichwa havikuinuka kwenye cherehani. Kwenye meza ya gundi, Kijiko alikuwa amempa mgongo. Uani, dereva wa lori alikuwa ameanza kupakiwa magodoro yake. Honi alikimbia mpaka getini, chenga zikimdondoka mabegani, akatoka nje ya lango, akasimama katikati ya barabara.

Upande mmoja ulielekea kituo cha mabasi ya mjini. Upande wa pili ulielekea barabara kuu, yanakopita magari ya mbali. Alitazama huku, akatazama kule, na akagundua kwamba hana hata cha kubahatisha. Hakujua mtoto wake anaishi wapi.

"Mlinzi," aliita. Ilitoka sauti ndogo, mlinzi hakusikia, ikabidi arudi mpaka kwenye kibanda na kuinama dirishani. "Yule binti aliyetoka sasa hivi. Ameelekea upande gani?"

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Si wako?" alisema. "Mimi unaniuliza?"

Honi alibaki ameinama vilevile, mikono juu ya kizingiti cha dirisha.

"Nakuuliza," alisema. "Tafadhali, ndugu yangu. Nakuuliza."